Nikibana mdomo wa mpira maji yanaruka, nikibana koki yanadondoka. Kwa nini?

Mwaka wa Pili:
Habari wadau. Nasoma uhandisi, likizo hii nipo Tanga, Mikanjuni, kwa shangazi. Kila jioni namwagilia mchicha wake. Tangi liko juu ya mnara, uso wa maji uko kama mita 5 juu ya bustani. Mpira ni wa nusu inchi, mita 20.

Nikibana mdomo kwa kidole gumba, maji yanafika tuta la mwisho. Darasani tulifundishwa kwamba palipo pembamba kasi hupanda na kanieneo hushuka, lakini kidole changu kinasukumwa kwa nguvu zaidi! Tena nikifunga koki nusu, ambako nako ni kubana, maji yanadondokea miguuni. Nimekosea wapi?

Mdau wa Chuda:
Eneo likipungua, kasi inapanda. Basi.

Mwaka wa Pili:
Kaka, hapo koki hujaigusa.

Fundi Bomba Ngamiani:
Mwanangu, swali lako ni zuri sana, limenikalisha na kalamu. Hiyo mliyofundishwa ni kanuni ya Bernoulli ya mwaka 1738, nayo haihesabu msuguano, na mpira wako ni msuguano mtupu.

Mpira ukiwa wazi, nakadiria maji yanakwenda mita 1.5 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, katika zile mita 5 za kimo, ambazo ndizo nguvu yako ya kusukuma maji, karibu 4.9 zinaliwa njiani na msuguano, yaani mdomoni unabaki na sentimita 12 tu za kuyarusha. Sasa bana, uache sehemu moja ya tano ya tundu. Ndani ya mpira kasi inashuka hadi kama mita 1.2. Unaona ni kidogo, lakini msuguano hufuata kasi kwa kipeo cha pili, kwa hiyo unakula kama mita 3.1. Zile 1.9 zilizookoka zinakusanyika nyuma ya kidole chako, ndizo zinazokisukuma, na zinayatoa maji kwa mita 6 kwa sekunde. Kanieneo linashuka pale pale kwenye upenyo, kama ulivyofundishwa. Nyuma yake ndiko limepanda.

Kwenye koki maji nayo yanachomoka kwa kasi, ila mbele yake kuna mpira mpana. Yanavurugika humo, nguvu inaishia kwenye vizingia, yaani maji kujizungusha, na joto dogo usiloweza kulisikia. Mdomoni yanafika yamechoka.

Usiniamini kwa maneno. Chukua ndoo ya lita 20 na saa. Wazi, tarajia kama dakika 1 na sekunde 45. Ukibana, kama 2 na sekunde 10.

Mwaka wa Pili:
Shikamoo fundi. Nimepima leo: wazi dakika 1 na sekunde 52, kubana 2 na sekunde 20. Nilidhani kidole kinakata maji nusu nzima! Shangazi alikuwa ameshaita mwashi aongeze mnara kozi nne, yaani mistari minne ya matofali. Nimwambieje?

Fundi Bomba Ngamiani:
Marahaba. Mwashi asubiri. Kozi nne hazifiki hata mita moja. Mnunulie mpira wa robo tatu inchi ili msuguano upungue, na koki na bomba la kutoka tangini viwe robo tatu pia. Ndoo hiyo itajaa kwa sekunde 40 hivi. Ukishafunga, pima tena uniletee namba.