Naomba ushauri: filamu za maktaba ya umma, Mbeya

Wakuu, habari za kazi. Tunaanza mkusanyo wa filamu kwa DVD 60, nusu ziwe za Kiswahili, maana hizo ndizo zinapotea haraka. Kikwazo ni nakala. Nyingi sokoni zimenakiliwa kwenye DVD-R, yaani diski tupu za kurekodia: geuza diski, utaona chini ina rangi ya zambarau. Hizo siziweki rafuni. Hakimiliki hairuhusu, na rangi yenyewe, ndiyo inayohifadhi filamu, hufifia.

Kanda za VHS za zamani zimeota ukungu mweupe kwa unyevu wa masika. Hazichezwi kabla ya kusafishwa, zitachafua deki na kanda nyingine.

Je, mkiandikiana na mtayarishaji, ruhusa ya kuazimisha na ya kuonyesha ukumbini mnaziombea pamoja? Bei mnapatanaje?