Naomba ushauri: nijitambulishe vipi kwenye shule ya mifumo changamano (yaani mifumo ya vitu vingi vinavyoathiriana)?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwanafizikia kijana, nimejikita kwenye modeli ya Ising: visumaku vingi, kila kimoja kikiwafuata majirani zake tu, lakini joto likishuka vya kutosha vingi vinageukia upande mmoja bila kiongozi. Giorgio Parisi, aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 2021, amechunguza hata makundi ya ndege angani. Hapo ndipo nilipovutika kabisa.

Sasa kabla ya shule ya kiangazi tunatakiwa kuandika aya moja ya kujitambulisha. Wenzangu wengi ni wanabiolojia na wachumi. Je, nianze na milinganyo, au na swali linaloninyima usingizi: watu nao hubadilika ghafla hivyo? Waliowahi kupitia huko, nisaidieni tafadhali.