MREJESHO: Gari la spoti nikiwa na miaka 24

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama nimalizie akiba yangu yote kwenye gari la spoti la turbo (injini inayosukumiwa hewa zaidi ili iwe na nguvu), au nisubiri kwanza. Asanteni sana, hata mlionifokea.

Nimenunua, ila si lile. Aliyesema niulize bima kabla ya kulipa chochote ndiye aliyeniokoa: kwa umri wangu na leseni changa, bima kubwa (inayolipia hata gari lako mwenyewe) ya lile la turbo ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya gari la kawaida. Nikashuka hadi Mazda MX-5 iliyotumika, viti viwili, injini isiyo na turbo. Nusu ya akiba imebaki.

Fundi nilikwenda naye. Alilala chini na tochi, akapitisha kidole ukingo wa ndani wa tairi la nyuma: nje kashata (meno ya tairi) nzuri, ndani nyuzi zinaonekana. Hapo bei ikashuka.

Nilipokosea ni kutolikodi kwanza wikiendi moja, kama mlivyonishauri. Wadogo zangu wawili walilisubiri gari hili kama mimi, na kila safari lazima mmoja abaki. Linaniuma kweli.

Klachi nayo (inayounganisha injini na gia) imeanza kuteleza mwezi wa tatu tangu ninunue. Mkijaribu gari, pandeni mlima kwa gia kubwa na mkanyage mafuta. Injini ikinguruma na mwendo hauongezeki, klachi imekwisha. Sisi tulijaribu tambarare tu. Nabadilisha wiki ijayo, kwa ile akiba iliyobaki.