Ukoo wa Kukhu (bibi yetu) Nakuru: Safari ya Nekesa

*Jumapili*

Senge Rose 19:04
Hamjambo wana ukoo. Nekesa anaondoka Jumamosi hii kwenda kusoma Leeds, Uingereza. Kwa orodha ya mchango naona majina manne. Kundi lina watu 31. Nani mwingine?

Senge Rose 19:31
Naona mmesoma. Tiki ni za buluu.

Mama Sharon 19:40
Mimi nipo Rose. Mwisho wa mwezi.

Senge Rose 19:41
Mwisho wa mwezi atakuwa ashafika Leeds.

Kevo 19:43
Leeds iko London?

Brayo 19:43
London si ni hapa tu, ukipita Milimani 😂 boda inatosha, mchango wa nini

Kevo 19:44
😂😂 asukumwe na upepo wa Menengai

Senge Rose 19:46
Brayo na Kevo tafadhali. La pili: nimeamua Faith aende naye. Hatuwezi kumwachilia mtoto peke yake nchi ya watu. Faith shughulikia pasipoti.

Faith 19:46
Mimi???

Senge Rose 19:47
La tatu, Ijumaa tunamuaga. Hema na viti nimeshaulizia. Mbuzi ni Wafula.

Nekesa 19:58
Senge, shangazi yangu, Faith hawezi. Viza yangu haibebi binamu. Tangu Januari 2024, kwa masters ya darasani kama yangu, hata ningekuwa na mume au mtoto singeruhusiwa kwenda naye. Nililiandika hapa hapa.

Senge Rose 19:59
Sasa nani atakuingiza kwa ndege mama?

Nekesa 20:06
Wahudumu wa uwanja. Kwenye tiketi nimeandikiwa WCHC, maana yake sitembei hata hatua moja. Wanakuja na kiti chembamba kinachopita katikati ya viti vya ndege, wananifunga mikanda, wananihamisha. Kiti changu cha magurudumu kinaenda chini na mizigo na hakilipiwi. Nikifika nachukua treni stesheni ya King's Cross, London, mpaka Leeds. Unawaarifu mapema, mhudumu anakusubiri na rampu.
Kinachoninyima usingizi ni vipimo. Shirika la ndege linataka urefu, uzito na betri, saa 48 kabla. Yaani Alhamisi ndio mwisho. Mizani ya kubeba kiti kizima ni ile ya baba mdogo Wafula pale kwa mashine ya posho. Nimemwomba tangu wiki iliyopita.

Brayo 20:08
Tuma picha ya betri, ile karatasi ya ubavuni

Nekesa 20:10
📷 Picha

Brayo 20:13
Imeandikwa 24V 10Ah. Zidisha, ni wati-saa 240. Betri ya lithiamu inayochomoka mwisho ni 300, uko ndani. Lakini ichomoe uingie nayo ndani ya ndege, usiiache kwa mizigo. Hivyo vichwa vya shaba vifunike na tepu visigusane. Chaja beba hiyo hiyo, soketi zao ni kama zetu, matundu matatu.

Kevo 20:14
Fundi ameamka 😂

Mama Sharon 20:15
Mashine ya posho. Hiyo mashine ilinunuliwa na pesa gani vile?

Senge Rose 20:15
Mama Sharon, si leo.

Mama Sharon 20:17
Leo ndiyo. Mchango wa kiti tulitoa sote, mimi niliuza kuku. Mtoto akaingia fomu wani akiwa mgongoni mwa mamake.

Wafula 20:29
Shemeji niko hapa nasoma. Nilieleza mbele ya wazee Njoro.

Mama Sharon 20:30
Ulieleza. Hukurudisha.

Kevo 20:31
Mbuzi bado yupo lakini? 🐐

Nekesa 20:44
Naombeni mnisikilize kidogo. Kwa sheria yao ya usawa ya 2010, chuo lazima kinirekebishie mambo ya masomo bila kunitoza: chumba cha mtihani, vitabu, mlango unaofunguka. Mtu wa kunisaidia asubuhi kuoga na kuvaa ni juu yangu. Ruzuku ya wanafunzi wao wenye ulemavu sisi tunaotoka nje haituhusu, na viza inanikataza kuomba msaada wa serikali. Asipokuja huyo mtu, nitalala kitandani darasa likiendelea. Mchango ni wa hapo. Senge, hema nakushukuru, lakini hema ni asubuhi zangu nyingi sana.

Senge Rose 20:52
Watu watasema tumemtoa kama mwizi usiku.

Faith 21:15
Kukhu amesomewa yote. Ameniambia niandike neno kwa neno:
"Nekesa ndiye anayeijua safari yake. Aulizwe yeye. Hema sitaki kuliona bomani kwangu, pesa zake ziende kwa huyo wa kumsaidia asubuhi. Wafula, kiti utakipima wewe, kwa mizani hiyo hiyo. Na wewe ndiye utampeleka Nairobi. Hayo mengine tutaongea mimi na wewe tukiwa wawili."

Senge Rose 21:38
Sawa Mama.

Mama Sharon 21:40
🙏

Wafula 22:03
Nimesikia Mama. Nekesa, kesho saa moja asubuhi njoo kwa mashine kabla wateja hawajajaa. Ya gari tutaona, gia inasumbua.

Senge Rose 22:04
Tutaona ni ndiyo au ni hapana? Matatu haiwezi kumbeba na kiti.

Senge Rose 22:25
Wafula?

Senge Rose 22:41
Orodha mpya ya mchango naiweka asubuhi. Mama Sharon nimekuandika.

Mama Sharon 22:43
Andika. Ila zisipitie kwa simu ya mtu. Zitumwe kwa Nekesa mwenyewe.

Baba Sharon 23:20
Jamani ndio naona. Hema ni pesa ngapi?

Nekesa 23:26
Brayo, ile van ya bosi wako, kiti kinaingia bila kukunjwa?

Brayo 23:31
Kinaingia. Nitamuuliza, ila Jumamosi huwa ana mzigo wa Naivasha.