Mrejesho: ile insha ya ushirika wa kahawa

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Wiki tatu zilizopita niliwaomba msaada: insha ya maneno 2,500 kuhusu ushirika wa kahawa Kilimanjaro, daftari limejaa nukuu, sentensi ya kuanzia sina.

Uliyeniambia nigeuze mada iwe swali, Mungu akubariki sana. Niliachana na "Historia ya KNCU" (chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro), nikauliza: kwa nini KNPA, chama cha wakulima cha mwaka 1925, kiliipisha KNCU mwaka 1933? Hapo nusu ya nukuu zangu zikakosa kazi. Nikakata karatasi ya manila vipande, kila kipande hoja moja, nikavipanga sakafuni. Kile cha kushuka kwa bei ya kahawa nilikitoa mwishoni nikakipeleka aya ya pili, insha ikasimama.

Babu wa Kibosho naye alinifungulia sanduku la bati, ndani stakabadhi zake za mauzo ya kahawa, zimekunjwa mara nne. Nilizinakili kwa mkono.

Utangulizi niliuandika mwisho, kama mlivyosema. Nimepata 74. Mwalimu amezungushia kalamu nyekundu sehemu mbili ambazo sikutaja chanzo. Leo jioni nazirekebisha.

Asanteni mno.