Naomba ushauri: Dubrovnik, Belfast, Malta. Safari ya Game of Thrones, picha nipige saa ngapi?

MpandaNgome (mtoa mada)
Wakuu, habari. Zimebaki wiki chache nisafiri kwenda kuona maeneo ilikorekodiwa tamthilia ya Game of Thrones na usingizi umegoma kabisa. Ratiba: Dubrovnik siku 4, Belfast siku 3, namalizia Malta siku 3. Swali langu ni moja tu. Zile ngazi za Dubrovnik alikotembezwa uchi malkia Cersei akiitiwa "Aibu!", nifike saa ngapi nisikute umati? Na Dark Hedges, ile barabara ya miti ya Ireland Kaskazini, ni asubuhi au jioni? Mengine yote nimeshayaweka sawa.

KameraMbili
Zinaitwa ngazi za Wajesuiti. Unapandia uwanja wa Gundulić kwenda kanisa la Mtakatifu Ignasi. Fika jua linapochomoza, maana meli za kitalii zikishashusha abiria hapapitiki. Ukisimama chini unapata ngazi nzima pamoja na kanisa. Ukitaka kuona alichokiona Cersei, panda juu uelekeze kamera chini.

Red Keep, kasri la mfalme kwenye tamthilia, ni ngome ya Lovrijenac. Wengi wanakosea hapa: wanaipiga wakiwa ndani yake, wanarudi na picha za mawe matupu. Ipige ukiwa juu ya ukuta wa mji upande wa magharibi, au kwenye ghuba ndogo ya Pile. Tiketi ya ukuta inakuingiza Lovrijenac pia, usilipe mara mbili. Ukuta una mita kama 1,940, kivuli cha kuhesabu. Beba maji.

KengeleYaAibu
Aibu! Aibu! Aibu! Mkuu, unaposhuka hizo ngazi ushuke na nguo zako tafadhali.

MwambaBaridi
Malta ya nini? Weka Iceland. Þingvellir ni kama kilomita 45 kutoka Reykjavík, na unatembea ndani ya ufa wa Almannagjá uliotumika kwenye njia ya kwenda Eyrie, ile ngome ya milimani kwenye tamthilia. Pango la wapenzi Jon na Ygritte, Grjótagjá, liko mbali kaskazini karibu na Mývatn. Kuoga mle ni marufuku, na marufuku haiishii mabegani: hata kutumbukiza miguu hairuhusiwi. Watu wanaona kibao, wanavua viatu. Halafu mahali pakifungwa wanalalamika.

Jua_Mpaka
Mtoa mada, tuache picha kidogo. Belfast unaingilia wapi, na viza yako inakuruhusu kuingia mara ngapi?

MpandaNgome
Viza ninayo wakuu, tusitoke nje ya mada. Nashukia Dublin, Belfast nakwenda kwa basi. Hakuna wa kunijibu kuhusu Dark Hedges?

KameraMbili
Asubuhi mapema. Ni barabara ya Bregagh, binti Arya alipita pale akitoroka King's Landing, mji mkuu wa kwenye tamthilia. Magari yamezuiwa tangu 2017, kwa hiyo unaegesha pale hotelini halafu unatembea. Usitegemee handaki zito la matawi kama kwenye tamthilia: miti ni ya karne ya 18, dhoruba zimeangusha baadhi na mingine imekatwa kwa usalama.

Jua_Mpaka
Viza ipi? Croatia imo Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) tangu Januari 1, 2023, na Malta imo. Ireland haimo. Belfast ni Uingereza, nayo haimo. Kama pasipoti yako ni ya kuhitaji viza kote huko, hizo ni viza tatu tofauti. Angalia stika, palipoandikwa idadi ya kuingia: ni 01, 02 au MULT (mara nyingi)?

MpandaNgome
01. Lakini wakuu, siku nilizopewa zinatosha mpaka Malta na zinabaki. Ireland imo Umoja wa Ulaya. Na kati ya Dublin na Belfast hakuna hata kizuizi barabarani, nani ataniuliza? Tiketi nimeshalipia, Dubrovnik–Dublin–Malta, haina kurudishiwa pesa. Siwezi kuitupa.

Jua_Mpaka
Twende taratibu.

Hiyo Dublin huifiki. Kaunta ya Dubrovnik itadai viza ya Ireland kabla ya kukupa kadi ya kupandia ndege, kwa sababu shirika likikubeba bila viza linatozwa faini.

Tuseme umepenya. Ukishatoka Croatia, 01 imekwisha, hata kama una siku kibao. Malta itakuwa kuingia mara ya pili, na huna.

Mpaka wa Ireland kukosa askari si ruhusa. Ukiingia Belfast bila viza ya Uingereza umeingia kinyume cha sheria, na likijulikana litakufuata kwenye kila ombi la viza utakalojaza.

Baya zaidi ni kuwa tiketi yako ni moja. Usipopanda kipande cha kwanza, mfumo unafuta vilivyobaki. Kwa hiyo usiwaze "Dublin nitairuka, Malta nitaenda." Wapigie kabla ya siku ya safari, uliza gharama ya kubadilisha iwe Dubrovnik–Malta. Hata kwa kuunganisha ndege, iunganishie ndani ya Schengen: Roma, Vienna, Frankfurt.

Mchambuzi_Huru
Hapa nanusa chai. Ubalozi wa Croatia unadai ratiba na tiketi za kwenda na kurudi. Wameona Dublin katikati halafu wakakupa 01? Na huko Malta unaenda kuona nini hasa?

MpandaNgome
Ratiba niliyopeleka ilikuwa Croatia na Malta. Belfast nimeongeza baadaye, na hiyo tiketi ikawa nafuu. Malta ninataka picha chini ya Azure Window, lile tao la mwamba baharini, pale alipoolewa Daenerys, yule mwenye dragoni.

Mchambuzi_Huru
Azure Window ilianguka baharini Machi 8, 2017! Chai tena ya rangi. Wakuu, tunajazishwa uzi tu.

MpandaNgome
Nimeiona kwenye orodha ya mtandaoni, na picha ipo. Sina sababu ya kutunga.

KameraMbili
Orodha nyingi ni za zamani, hilo linawezekana. Kwa watakaosoma baadaye: mahali panaitwa Dwejra, kisiwani Gozo. Feri ni ya Ċirkewwa kwenda Mġarr, kama dakika 25, na nauli unalipa wakati wa kurudi. Tao halipo tena, ila miamba na Fungus Rock vipo. Kwa msimu wa kwanza, lango la Mdina lina thamani zaidi: ndilo lango la King's Landing kabla hawajahamia Dubrovnik.

Mchambuzi_Huru
Tupia picha ya tiketi basi.

Jua_Mpaka
Usitupie. Ina namba ya kumbukumbu. Mtu akiipata pamoja na jina lako anaweza kukufutia safari.

MpandaNgome
Sawa, Belfast naiacha, kesho nawapigia. Zile siku 3 nitazunguka Mostar na Kotor, nimeona kuna mabasi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Dubrovnik.

Jua_Mpaka
Mkuu! Mostar ni Bosnia, Kotor ni Montenegro. Zote ziko nje ya Schengen. Ukitoka, kurudi Dubrovnik huwezi.

Nenda Split. Vyumba vya chini vya kasri la Diocletian ndiko Daenerys alikowafungia dragoni, na ngome ya Klis iliyo karibu ndiyo mji wake wa Meereen. Uliza basi linapita njia gani: linalopita daraja la Pelješac, lililofunguliwa Julai 2022, halitoki Croatia. Likipita Neum limeingia Bosnia, usipande.

KengeleYaAibu
Aibu! Aibu! Na Split ushuke na nguo.