Friji ya gari la safari inazima usiku, betri inasoma volti 12.5

Dereva_Ndutu:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada, na anayejibu asome mpaka mwisho tafadhali, maana jambo hili limeshanila hela.

Natumia Land Cruiser modeli ya 79 iliyoongezwa urefu, paa la kunyanyuka, viti saba. Mwaka jana tulifunga betri ya pili kwa ajili ya kambi, ya ampea-saa (Ah) 100, iko mbele chini ya boneti. Kati yake na betri ya kuwashia kuna rilei: injini ikiwaka zinaungana, injini ikizimwa zinaachana. Kutoka kwenye hiyo betri ya pili waya unakwenda hadi nyuma kabisa kwenye friji ya kompresa, lita 40.

Mchana sina tatizo. Natoka Arusha asubuhi, napanda Ngorongoro, nashuka mpaka Naabi, lango la Serengeti, friji inasoma nyuzi 4 njia nzima. Nikifika Seronera nazima injini saa kumi na mbili jioni. Saa nne usiku mpishi anakuja kunigongea: friji imezima, inaonyesha alama ya umeme mdogo. Naweka mita kwenye betri, napata 12.5. Sasa umeme mdogo unatoka wapi?

Nilikwenda kwa fundi mjini akaniambia betri imekufa. Nikanunua mpya. Usiku wa kwanza mambo yakawa yaleyale, na kilo sita za nyama tukazitupa.

Kinachonikosesha usingizi ni safari ijayo. Nina mgeni, mama mtu mzima, ana kisukari na anabeba insulini ya wiki mbili. Ile ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Siwezi kumpokea uwanjani nikiwa na friji nisiyoiamini. Naondoka baada ya siku tisa.

Kamba_Ngumu:

Mkuu, achana na betri za maji, weka lithiamu na paneli moja ya sola juu ya paa. Utasahau hayo yote.

FundiNyaya_Moshi:

Dereva_Ndutu, usinunue kitu chochote kwanza. Na ndugu yangu hapo juu, lithiamu ni betri nzuri, lakini ukiichomeka moja kwa moja kwenye alternata (ile inayozalisha umeme injini ikiwaka) kupitia rilei tu, inavuta chaji kwa nguvu na kwa muda mrefu, alternata inachemka. Inahitaji chaja yake katikati. Isitoshe, hata akiiweka leo, tatizo analolieleza huenda likabaki palepale, kwa sababu sidhani kama liko kwenye betri.

Angalia maneno yako mwenyewe. Mchana inafanya kazi, usiku haifanyi. Injini ikiwaka alternata inatoa kama 14.1. Hata njia ya waya ikila volti nzima, friji bado inapata 13 na inaridhika. Ukizima injini betri inabaki na 12.5, njia inakula volti ileile moja, friji inaona 11.5 au chini ya hapo. Yenyewe haijui betri ina ngapi. Inajua kilichofika mlangoni kwake.

Sisi huku mlimani tuna mifongo, yaani mifereji ya maji. Mfongo ukiwa mwembamba na umejaa majani, ukauziba mwishoni, maji yanasimama yamejaa kote, utadhani mambo ni mazuri. Fungua shamba la mwisho maji yatembee, ndipo utaona kinachofika ni kidogo. Wewe ulipima kwenye betri, tena friji ikiwa imeshazima, yaani mfongo umezibwa. Ndiyo maana ukaona 12.5.

Kesho fanya hivi. Zima injini, acha friji iwake, hakikisha unasikia kompresa inanguruma. Pima betri kwenye nguzo zake, andika. Nenda nyuma, pima pale umeme unapoingilia friji, andika. Ukikuta tofauti inazidi nusu volti, umemkamata mwizi, lakini hujajua yuko upande gani. Tafuta waya mrefu wowote, unganisha na mita, mkono mmoja gusa chanya ya betri, mwingine gusa chanya ya friji, kompresa ikiendelea kunguruma. Mita itakuonyesha moja kwa moja volti zinazoliwa upande wa chanya. Kisha fanya hivyohivyo hasi kwa hasi. Watu wengi husahau hasi, na magari mengi yanayokuja kwangu yameumwa upande huo.

Niambie pia waya uliotumika ni wa ngapi, yaani unene wake kwa milimita za mraba. Waya wa shaba wa 1.5, mita sita kwenda na sita kurudi, ukipitisha ampea 5 unakula karibu volti 0.7. Wa 6 unakula chini ya 0.2. Umbali ni uleule na friji ni ileile.

Mlinzi_wa_Voi:

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko Voi, natembeza wageni Tsavo. Ongezea moja: kama friji imechomekwa kwenye kile kitundu cha kuwashia sigara, kitoe kabisa. Barabara ikitikisa gari, plagi inalegea, inapata joto. Yangu iliyeyuka plastiki na nikanusa harufu kabla sijaona chochote. Weka soketi ya kufunga kwa skrubu, au unganisha waya moja kwa moja na fyuzi.

Dereva_Ndutu:

Wakuu, nimerudi. Leo asubuhi nimepima kama Fundi alivyoagiza, kijana wangu akishika upande wa mbele.

Betri, friji ikinguruma: 12.4. Kwenye friji: 11.3. Chanya kwa chanya: 0.4. Hasi kwa hasi: 0.7.

Kijitabu cha friji kinasema ikiwa kwenye H, kiwango cha juu cha kulinda betri, inajizima volti ikishuka hadi 11.3. Kumbe muda wote ilikuwa ukingoni.

Nikafuata hasi. Haikurudi kwenye betri hata kidogo. Aliyefunga aliikatisha hapo nyuma, akaikaza kwa skrubu moja nyembamba kwenye chuma cha fremu ya viti, juu ya rangi. Nilipoifungua, chini yake kulikuwa na vumbi jeupe la Ndutu na kutu. Fremu yenyewe imeshikwa na bodi kwa bolti nne, na mbili zimelegea. Waya wa chanya ni wa 1.5, mwembamba kama wa spika.

Nimekaa hapo nyuma ya gari nikiangalia hiyo skrubu kwa muda. Nimenunua betri nzima kwa sababu yake.

Je, nikisugua rangi na kukaza upya, inatosha?

FundiNyaya_Moshi:

Ingetosha kwa gari la mjini. Kwa gari linalopita Naabi kila wiki, hapana. Vuta waya mbili za 6, chanya na hasi, zote kutoka kwenye betri mpaka kwenye friji, usiitegemee bodi. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake, usivilehemu tu, maana waya ukitikiswa muda mrefu unakatika pale risasi ya kulehemu inapoishia. Fyuzi ya ampea 15 iwe karibu kabisa na betri, sio nyuma. Waya huo unapita pembeni mwa injini na chini ya sakafu, ukichubuka kabla ya fyuzi gari linaungua. Pitisha ndani ya bomba la plastiki, na kila tundu la bati liwe na mpira.

Friji iache kwenye H. Kuna watakaokwambia iteremshe kwenye L, kiwango cha chini, ili isizime. Haitazima, lakini itainyonya hiyo betri yako mpya mpaka iharibike.

Dereva_Ndutu:

Imekamilika jana, mita 14 za waya, jasho la siku nzima. Usiku nimeiacha iwake uani, injini imezimwa, nikaweka saa iniamshe.

Saa nne: betri 12.5, friji 12.3. Saa kumi alfajiri: betri 12.4, friji 12.2, ndani nyuzi 4. Haijazima hata mara moja.

Fundi, nakushukuru kutoka moyoni. Mama nampokea Jumatano. Ile soketi ya sigara nimeing'oa, Mlinzi, na wewe asante.

FundiNyaya_Moshi:

Vizuri sana. Ukirudi kutoka Serengeti, pitisha spana kwenye nguzo za betri na kwenye rilei kabla hujaosha gari. Halafu pima tena friji ikinguruma, uniletee namba.